Siku Mia Tatu na Kumi na Tatu Bila Barafu

Suva,
Jumapili, 3 Julai 2022.

Kwako Mama yangu mpendwa,

Salamu zangu zitangulie, na pole ya goti lako la kushoto izifuate nyuma. Barua hii itapanda meli ya Jumanne pamoja na magunia ya sukari na mabati ya kanisa, nami naomba ikukute umekaa, umekula, na miwani yako umeiona. Kama hujaiona, papasa kichwani. Mimi ni mzima. Neno hilo naliandika taratibu, Mama, kwa sababu kuna miezi niliyokuwa nakuambia kwenye simu kwamba ni mzima na haikuwa kweli. Leo ni kweli. Namsalimu kaka Apenisa na mkewe, na wote wanaokuja kukunywea chai yako wakijifanya wamekuja kukujulia hali.

Losana naye anakusalimu sana. Unamjua kwa sauti: ndiye anayepokea simu yangu na kukuambia naoga. Nyumba hii ni yake, cherehani mbili za sebuleni ni zake, na sisi watatu tunaoishi naye tumekuwa wake pia. Sote humu tulizaliwa tukaandikwa wavulana, tukakua wanawake, vakasalewalewa kama mimi mwanao. Tofauti ni moja tu, wenzangu hawana mama wa kumwandikia barua.

Najua unavyosoma barua. Unaanzia mwisho kuona kama kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Safari hii nakuomba usome kwa mpangilio, kuanzia juu kushuka, kwa sababu mambo nimeyapanga kama yalivyotokea, ila moja tu ambalo nimeliweka pale ninapoweza kulisema.

Nianze na furaha, kisha nirudi nyuma nilikotoka. Alhamisi iliyopita, kwenye ukumbi wa kituo cha afya cha mtaani, niliitwa mbele ya watu nikavishwa kitambulisho cha kazi. Mhudumu wa afya ya jamii. Kina picha yangu, nimechana nywele juu na kuweka ua sikioni, na chini yake jina limeandikwa Sera. Si Seremaia. Sera. Losana alipiga vigelegele mpaka mganga mkuu akapoteza ukurasa wa hotuba yake. Kazi yangu ni kukaa na watu wanaotaka kuacha barafu na pombe, hasa wale ambao wakienda hospitali wanaulizwa kwanza ni mwanamume au mwanamke kabla ya kuulizwa wanaumwa nini. Kazi hiyo nimepewa kwa sababu nilikotoka ni huko huko. Ndiyo, Mama. Usiiweke barua chini.

Barafu ninayosema si ya kutia kwenye maji. Ni vipande vinavyong'aa kama kioo kilichopondwa, vinachomwa ndani ya kijibomba cha kioo na moshi wake unavutwa. Nilianza kuivuta mwezi wa tano mwaka jana, korona iliporudi kwa nguvu na Suva ikafungwa. Saluni niliyokuwa nasukia watu nywele ilifungwa siku ile ile. Kelera, ambaye ni pacha wangu kwa kila kitu ila tumbo la mama, alikuwa anaimba hotelini, na hoteli nayo ikafungwa. Losana akabaki anashona barakoa. Watu waliokuwa na kwao walirudi kwao. Sisi tulikaa kwenye vyumba vitatu tukitazamana.

Chakula cha msaada kilipokuja, kamati ya mtaa ilipita na orodha. Aliyeishika alikuwa jirani yetu Saimone, yule jitu aliyewahi kucheza raga, akisimama mlangoni petu jua haliingii. Alichungulia ndani, akahesabu vichwa, akafunga daftari. Losana akamwambia tuko wanne na hatujala tangu jana. Saimone akasema orodha ni ya familia.

“Hapa naona madume manne yamevaa kanga,” akasema, akicheka na wenzake. “Mkipata mume nileteeni jina lake niliandike.”

Kelera akamjibu kwamba waume tunao, wengine wao wamo kwenye kamati yake, na kama anataka majina alete daftari lililo kubwa zaidi. Wenzake wakacheka kuliko walivyocheka mwanzo. Lakini mfuko wa chakula aliondoka nao.

Wakati huo nilikuwa na mtu wangu, Manoa, mpakuaji mizigo wa bandarini. Sikukuambia habari zake kwa sababu na yeye hakumwambia mtu habari zangu. Alikuwa anaruka ua wa nyuma mchana watu wakiwa wamejifungia, akija na samaki wa kopo na biskuti ngumu, nami nikaona nimependwa kuliko wanawake wote wa Suva. Siku moja alikuja na biskuti na kijibomba. Akaniambia nikivuta mara mbili tu nitasahau njaa. Hilo hakunidanganya, Mama. Nilisahau njaa, nikasahau Saimone, nikasahau kwamba sina kazi. Nilihisi naweza kusuka nywele za kisiwa kizima kabla ya adhuhuri. Na kwa kuwa hapakuwa na vichwa, siku ya tatu Losana alinikuta jikoni nimeusuka ule ufagio wa kudekia, mistari myembamba kabisa, mizuri, na vidole vinanitoka damu. Alicheka. Kisha akanitazama macho, akaacha kucheka.

Sikuwa peke yangu. Kelera alikuwa na ndoo yake ya hamira na nanasi chini ya kitanda, anaamka nayo analala nayo. Wenzetu wa nyumba za jirani walikuwa hivyo hivyo, mmoja na gundi, mwingine na vidonge. Tulikuwa watu ambao hata kabla ya ugonjwa tulikuwa tunaambiwa tusikaribie; sasa serikali ilikuwa imewaambia watu wote wasikaribiane, na sisi tukawa mbali mara mbili. Simwekei mtu lawama kwa moshi niliouvuta kwa mapafu yangu. Nakueleza tu palivyokuwa.

Mwezi wa saba Baba akafariki. Hapo nitaparudia.

Mwezi wa nane Kelera aliamka na homa, kesho yake hakusikia harufu ya ndoo yake mwenyewe, tukajua. Muuguzi aliyekuja anaitwa Asinate, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, amevaa yale mavazi ya nailoni kuanzia kichwani mpaka miguuni. Alitupima wote. Kelera na mwenzetu mwingine walikuwa nayo, mimi na Losana hatukuwa nayo. Tukaambiwa hakuna kutoka siku kumi na nne. Alipofika kwangu akaniuliza aandike jina gani, nikampa kitambulisho. Akakisoma, akaniangalia, akasema, “Hili nitaliandika kwenye fomu kwa sababu fomu haina akili. Mimi nikuite nani?” Nikamwambia Sera. Kuanzia siku ile aliniita Sera kwa sauti kubwa mpaka majirani wakazoea.

Losana alimvuta pembeni, kwa umbali uliotakiwa, akamweleza kuhusu barafu. Nilikasirika nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi inayopita mikononi mwa katibu wa kanisa. Asinate alisema siku kumi na nne za kufungiwa ni bahati ambayo watu wengi hawaipati. Losana akanigeukia akasema, “Umesikia? Kwangu hakuna mtoto atakayelala nje. Barafu yako ndiyo itakayolala nje.” Kisha akapita chumba kwa chumba akakusanya viberiti vyote na vile vya gesi, akabakiza kimoja, akakifunga kwenye pindo la sulu, shuka lake la kiunoni.

Siku mbili za mwanzo nililala kama gunia. Ya tatu niliamka na njaa ya kutisha. Nilikula sufuria ya mihogo ya watu wote nikailamba. Baada ya hapo ndipo kulipokuwa na kazi. Nililia bila sababu, nikamchukia Losana kwa namna anavyotafuna, nikahisi mwili wangu umejaa mchanga. Na katikati ya hayo Kelera akawa anazidiwa. Asinate alikuwa ametuachia kile kibanio cha kidole kinachosoma hewa ya damu, akatuonyesha namba ambayo ikishuka chini yake tupige simu. Ikashuka. Tukapiga. Tukaambiwa hospitali imejaa, mtungi wa hewa utaletwa ukipatikana, na kwa sasa tumlaze kifudifudi na kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kelera ni mnene, Mama. Unamkumbuka kwenye picha ya Krismasi, ndiye niliyekuwa nimejificha nyuma yake. Kumgeuza kulihitaji mtu mwenye nguvu, na mgongo wa Losana ulikuwa umeshachoka na cherehani.

Siku ya tisa, mchana, Manoa aliita kwenye ua wa nyuma. Hakuruka. Alininyooshea mkate juu ya ua, akasema amesikia tumefungiwa, amenikumbuka. “Uukate taratibu, mpenzi,” akasema, akakonyeza, akaondoka.

Nilijua kilichomo. Niliingia nao chooni nikaupasua, nikakuta kijifuko kimefungwa vizuri, na kijibomba kipya. Nilifurahi, nakuambia ukweli, nilifurahi. Lakini sikuwa na moto. Nikatafuta nyumba nzima. Mwisho nikaenda nikasimama mbele ya Losana, kijifuko kiko kwenye ngumi yangu, nikamwambia naomba kiberiti.

Alikuwa anakanda kifua cha Kelera. Akaniuliza bila kugeuka, “Cha kupikia au cha kufia?”

Akafungua pindo la sulu, akanitupia kiberiti, kikaanguka miguuni pangu.

“Chukua,” akasema. “Mimi si polisi. Nimechoka kuwa polisi. Lakini saa ya kumgeuza imefika na mgongo wangu umekataa. Mgeuze kwanza, halafu nenda.”

Nikatia kijifuko mfukoni nikamgeuza Kelera. Nikiwa katikati, nimemshika kama gunia la majimbi, akanitapikia kuanzia shingoni hadi tumboni. Akafungua jicho moja akasema, “Samahani, shoga. Ila hilo gauni halikuwa linakupendeza.” Kisha akakosa pumzi. Midomo ikabadilika rangi. Nikampiga mgongoni, nikamwinua, nikamwambia apumue nami, moja, mbili, moja, mbili, Losana analia na kuomba Mungu kwa sauti, na mimi nahesabu. Sijui ilikuwa muda gani. Asinate aliingia na mtungi wa hewa mgongoni kama mbeba maji, akaufungua, na ile namba kwenye kidole ikaanza kupanda, moja baada ya moja, sisi watatu tukiitazama kama watu wanaotazama raga dakika za mwisho.

Alipotulia nilitaka kumwosha. Nikachukua kiberiti nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikamwosha Kelera, nikajiosha mimi. Nilipovua gauni kijifuko kikaanguka sakafuni. Nilikitazama kwa muda mrefu, Mama, usidhani nilikuwa shujaa. Kisha nikakimwaga chooni nikavuta maji, nikakanyaga kijibomba, nikamrudishia Losana kiberiti chake. Akakihesabu njiti. Ilipungua moja. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikasikia mbavu.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne Agosti. Leo ni siku ya mia tatu na kumi na tatu. Manoa alirudi mara mbili. Mara ya kwanza nilijificha chini ya kitanda nikiwa nimeziba masikio, mara ya pili nilitoka nikamwambia asirudi. Kelera alipona, na alipopona hakuitaka tena ile ndoo. Anasema homa ilimwachia pua inayosikia harufu ya hamira kama maiti. Hamira zote sasa zinaenda kwenye mikate.

Chanjo zilipokuja mtaani kwetu watu walikataa. Wengine walisema itawaua, wengine walisema ni alama ya Ibilisi, vijana wa kule kwenye mikoko walikuwa wanawakimbia wauguzi wakidhani wamekuja na polisi. Asinate akaja kwetu akakaa kwenye ngazi akavua viatu. Alisema kuna watu ambao yeye hawezi kuwafikia, na sisi tunawajua kwa majina, na majina mengine ambayo mama zao hawayajui. Akatuomba tumsaidie Jumamosi moja.

Mama, ungetuona! Losana alikata mapazia yake ya zamani akatushonea sketi za aina moja, za maua mekundu. Tulikuwa kumi na moja, kutoka nyumba nne. Kelera, ambaye pumzi bado zilikuwa zinamkatika, alipandishwa kwenye toroli na kipaza sauti, akaimba nyimbo za kanisa kwa mapigo ya dansi, nasi tukacheza kuanzia dukani mpaka kwenye mikoko. Waliokuwa wanatutukana madirishani walitoka kututukana vizuri zaidi, na wakishatoka tunawashika mikono tunakwenda nao. Wale wa barafu na gundi niliwafuata mwenyewe. Sikuwahubiria. Niliwaambia nimetoka humo wiki tatu zilizopita, kuna chai na mkate, na hakuna atakayewauliza jina la kwenye fomu.

Na kwenye foleni nani alikuwa nyuma ya mti akijifanya anaongea na simu? Saimone. Mkewe alikuwa amemleta kwa kumshika shati. Alipoiona sindano, jitu lile likaanza kuteleza ukutani. Nilikuwa karibu nikamdaka kwapani. Akaninong'oneza kwamba tangu utoto anaogopa sindano na nisimwambie mtu. Nikamwambia anitazame mimi, asitazame mkono, nikamuuliza alicheza nafasi gani kwenye raga, na kabla hajamaliza kunitajia mchezo wa kwanza Asinate alikuwa ameshamaliza. Akabaki amenishika mkono. Alipozinduka kwamba bado amenishika, badala ya kuuachia kwa hasira, akasema kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia, “Asante, dada.” Kelera akadakia kwa kipaza sauti kwamba daftari la familia lifunguliwe upya. Watu wakaangua kicheko, na Saimone naye, amekaa chini, jasho linamtoka, akacheka mpaka akapona. Jumatatu mifuko minne ya chakula ilikuwa mlangoni kwetu. Aliileta mwenyewe begani.

Watu mia mbili na sita walichanjwa siku ile. Asinate alisema mtaa wetu, uliokuwa wa mwisho, sasa ulikuwa wa pili. Tulilala na sketi zetu.

Wale niliowatoa kwenye mikoko wakaanza kuja nyumbani kuniuliza nilifanyaje. Nikawa nawakaribisha chai tu ya majani ya mlimau. Wakaja wawili, wakaja watano, tukaamua iwe kila Alhamisi alasiri, sebuleni kwa Losana, kati ya cherehani. Sasa tunafika ishirini, na si vakasalewalewa peke yao. Kuna mama mmoja wa sokoni, kuna mjukuu wa mchungaji. Hakuna anayesimama mbele. Anayesema anasema akiwa anapindia nguo, kwa sababu Losana hakubali mikono ikae bure. Wengine wameteleza wamerudi, tukawapa sindano na uzi wakaendelea walipoachia. Habari hizo ndizo walizozisikia watu wa kituo cha afya, wakaniita wakanipa kazi. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kile kitambulisho, Mama. Mwanao ameshinda, na ameshinda mchana kweupe, watu wanaona.

Sasa weka kikombe chini.

Kwenye kikao cha Alhamisi tunasema kwamba atakayeficha jambo litamrudisha kwenye moshi. Nimelisema hilo kwa wengine miezi minane, na mimi mwenyewe nikiwa nimeficha. Wiki mbili zilizopita nililitoa mbele yao. Kelera akaweka sindano chini akaniambia, “Shoga, umewaambia wasiohusika. Wanaohusika wako kisiwani.” Ndiyo sababu ya barua hii.

Mwaka jana, wakati wa msiba, nilikuambia kwenye simu kwamba sikuweza kuja kumzika Baba kwa kuwa kijiji kilikuwa kimefungwa, na Mzee Eroni, kama mwenyekiti wa kijiji, alikataa kusaini ruhusa yangu. Nilikuambia amesema hataki mtu wa aina yangu awaletee ugonjwa. Mama, Mzee Eroni hakusema hivyo. Mzee Eroni alisaini. Alisaini asubuhi ile ile niliyomwomba, akapanda mwenyewe kile kilima cha nyuma ya shule ambako simu inashika, akawapigia watu wa bandari mpaka jina langu likaingia kwenye meli ya wafiwa, Jumanne, saa nne. Nilipimwa, sikuwa na ugonjwa. Begi lilikuwa limefungwa. Ndani yake nilikuwa nimeweka mkasi na chanuo, kwa sababu Baba aliponipigia mara ya mwisho, mwezi wa sita, aliniambia nifanye haraka kuja, nywele zimemfunika masikio na hakuna mwingine anayekijua kichwa chake. Unajua hakuwahi kuniita Sera. Lakini kichwa chake hakukikabidhi kwa mtu mwingine miaka kumi na mbili.

Jumapili Manoa alikuja kunipa pole. Akaniambia nivute kidogo tu ya kukaza moyo kwa safari. Nilivuta Jumapili, nikavuta Jumatatu. Jumanne saa nne nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya bafu napanga vibanio vya nywele kwa rangi. Niliisikia honi ya meli. Nilijua ni yangu. Sikuinuka.

Jioni yake nikakupigia nikakuambia uongo ule, kwa kuwa uongo wa namna ile ulikuwa rahisi kuaminika. Watu wametufanyia hivyo mara nyingi. Sikulazimika kubuni sana. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba maumivu ya kweli ya wenzangu niliyatumia kumvisha hatia mtu asiye na kosa.

Najua kilichofuata. Apenisa alisimama kwenye mkutano wa kijiji akamwambia Mzee Eroni hana utu, na Mzee akajibu neno moja tu, “Nimesikia.” Wewe ukaacha kukaa na mke wa Mzee, Titilia, binamu yako, uliyesuka naye mikeka tangu mko wasichana. Mwaka mzima mnapishana mlangoni mwa kanisa. Na yule mzee alikuwa na neno moja la kuwamaliza wote, akalimeza. Wiki ya tatu baada ya msiba alinipigia simu. Alisema, “Sera, niliyesaini ni mimi, kwa hiyo sitakuuliza kama nilisaini. Kilichokupata sikijui. Ukweli huo ni wako, mimi sitausema. Utausema wewe siku utakayoweza kuubeba.” Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jana nilimpigia nikamwambia kwamba naandika. Akacheka kicheko kirefu, akasema sasa ataishi kwa amani, maana Titilia alikuwa anamwambia kila asubuhi aende kwako akaseme, na yeye kila asubuhi anajifanya hasikii.

Nakuja, Mama. Ijumaa ya wiki ijayo, meli ya asubuhi, siku moja kabla ya sherehe ya kumvulia Baba nguo nyeusi. Nakuja na Losana na Kelera. Losana amewashonea nguo mpya wewe, mke wa Apenisa na wanawake wote wa nyumba, za njano na kijani, na amenitafutia jino la nyangumi la kuombea radhi kama inavyotakiwa. Nikishuka sitaingia kwetu kwanza. Nitakwenda kwa Mzee Eroni kwa magoti, mchana, mbele ya atakayetaka kuona, kisha nitakuja kwako. Apenisa akitaka kufoka na afoke. Mwambie nitamsikiliza mpaka amalize. Usinifichie. Barua hii msomee, na ukipenda isome kanisani. Mwaka jana niliogopa hata honi ya meli. Sasa siogopi kijiji kizima kikikaa kwenye mikeka kikinitazama, kwa sababu anayekuja ni mimi mwenyewe, na akili zangu zote ninazo.

Ila jambo moja usilisubiri hadi nifike. Asubuhi ya kwanza baada ya kuisoma barua hii, goti likikuruhusu, na hata lisipokuruhusu, chukua mkeka wowote uliouacha haujaisha kusukwa uende nao kwa Titilia. Usimweleze mengi. Mwambie Sera ndiye aliyewakalisha mbali, na Sera amesema mrudi mkae. Akusogezee upande wake, mwendelee kusuka.

Nisalimie majirani wote, wanaouliza habari zangu na wasiouliza. Mwambie katibu wa kanisa, ambaye bila shaka ameshaisoma barua hii, kwamba namsalimu naye. Mungu akulinde mpaka Ijumaa hiyo.

Ni mimi, binti yako akupendaye,

Sera
Mhudumu wa Afya ya Jamii